Kazi Gani Iso Mshahara, Shule Gani Iso Likizo

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazazi wangu, mashekhe wetu, walimu mlionisomesha tangu chuoni, maami zangu manahodha mlioacha boti zenu asubuhi hii mkaja kunisikiza, na nyinyi wadogo zangu mlioko vyuo vikuu au mwataka kwenda, ahsanteni sana. Nimeambiwa niongee kuhusu safari yangu ya PhD, yaani shahada ya uzamifu. Picha ya joho mshaiona, imezunguka WhatsApp ya Amu nzima, sina haja ya kuirudia. Nataka kuongea jambo ambalo hakuna mtu alikaa na mimi akanambia kabla sijaanza, yaani mtu anayesoma PhD kwenye taasisi ya utafiti anaishi vipi, analipwa nini, akiumia anatibiwa na nani, akizaa inakuwaje, na pesa zikikatika anaenda wapi.

Mwaka wangu wa pili kuna siku nlirudi nyumbani Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, saa tatu usiku. Nlikua nimetoka alfajiri kufuata maji kupwa, suruali tope tupu la mikoko mpaka kiunoni, sijala tangu asubuhi. Mamangu akanitilia chai akanitizama, kisha akanuliza, mwanangu, hii ni shule ama ni kazi? Nkamwambia ni shule mama, lakini pia ni kazi. Akasema, "Kazi gani iso mshahara, na shule gani iso likizo?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nimesoma mengi kuhusu jambo hili, nimekaa kwenye mikutano, na bado sijapata mtu aliyeliuliza sawasawa kama mamangu.

Mwaijua hadithi ya popo, ndege walimkataa wakasema huyu ana meno, wanyama wakamkataa wakasema huyu ana mbawa. Mwanafunzi wa PhD kwenye taasisi ndio huyo. Kukiwa na kazi ya kufanywa yeye ni mtu wetu, ni mtu wa timu, njoo Jumapili, njoo hata Idi mosi manake bamvua, yale maji makubwa, ndio leo na maji hayamsubiri mtu. Siku akiuliza habari ya likizo au bima au pesheni anaambiwa, wewe ni mwanafunzi, hayo ni mambo ya wafanyakazi.

Wazazi wengine hapa mwadhani PhD ni kukaa na vitabu, na kuna PhD za hivyo, lakini kwenye taasisi ya utafiti sivyo. Mimi nlikua nafanya mikoko, na nyote mwajua zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa kwetu Lamu, kwa hivyo kazi ilikuwepo. Unapima miti, unachimba tope unalibeba kwa ndoo, unarudi labu unakausha unapima tena, unakesha na jenereta stima ikipotea manake friza ikiyeyuka umepoteza mwaka mzima. Hiyo ni yako. Halafu kuna ile isiyokua yako, unafundisha vijana wa atachimenti, unapokea wageni wa mfadhili unawatembeza, unaandika ripoti ya mradi ambayo jina lako halimo, unaenda kununua mafuta ya boti. Sikuona ubaya wa kufanya yale, nlijifunza mengi sana humo, na wallahi naipenda kazi hii mpaka leo. Lakini ukizichukua siku zangu za wiki moja ukamuonyesha mtu yeyote pale gatini bila kumwambia ni za nani, atakwambia huyu ameajiriwa.

Sasa niwaeleze nlivoanguka. Ilikua Juni, kusi imechacha, tumetoka upande wa Pate tumefika gatini. Nkawa nashuka na sanduku la sampuli, wimbi likapiga, mkono ukabanwa baina ya boti na gati, kifundo kikavunjika. Nlifungwa plasta wiki sita. Gharama alilipa kakangu kwa pesa alizokua ameziweka za injini ya boti yake, na hiyo injini aliinunua miaka miwili baadaye. Nlipoandikia ofisi ya taasisi nlokuwako wakanijibu mistari miwili, wa kwanza wa pole, wa pili unasema bima ya ajali kazini ni ya walioajiriwa. Mashine ya kupimia ilokua kwenye ile boti ilikua na bima. Mimi sikua nayo.

Sitaji taasisi, na sikusimama hapa kumshtaki mtu, walonijibu vile walikua wanafuata karatasi walizonazo. Ndio maana nataka tuziongee hizo karatasi.

Kenya tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Aliyeajiriwa chini yake ana likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo. Mama akijifungua ana miezi 3 kwa mshahara kamili, baba ana wiki 2. Ukiumwa, baada ya kutumika miezi miwili, una siku 7 za malipo kamili na 7 nyingine za nusu malipo, na hapo ni kima cha chini, mwajiri anaweza kuzidisha. Mkataba wa miezi 3 kwenda juu lazima uwe kwa maandishi. Na anayelipwa kwa mwezi akitaka kusimamishwa apewe notisi ya siku 28. Kuna na sheria nyingine ya mwaka huo huo 2007, ya fidia ya majeraha kazini, ile watu huita WIBA, inayomlazimisha mwajiri awakatie watu wake bima. Na sheria zote mbili zinapoeleza mfanyakazi ni nani, zinamtia ndani na mwanagenzi, yaani yule anayejifunza kazi huku akiifanya. Mimi si wakili, sitaki mtoke hapa mseme nimesema mwanafunzi wa PhD ni mwanagenzi mbele ya mahakama. Nasema tu kwamba walioandika sheria walijua mtu anaweza akawa anajifunza na anafanya kazi kwa wakati mmoja, hawakuona ajabu.

Na sisi Amu hatukuhitaji sheria kulijua hilo. Nendeni Matondoni mkaangalie mafundi wa majahazi. Kijana anakuja hajui kushika msumeno, anakaa na fundi miaka, mwanzo anapokea misumari na kusikiza, halafu anatia kalafati, halafu siku moja anapewa ubao wake mwenyewe. Miaka yote hiyo anaitwa mwanafunzi wa fundi na anakula, chombo kikiisha anapata chake, kidogo kuliko cha fundi lakini chake. Akijikata na tezo fundi ndiye anayempeleka hospitali. Hakuna fundi Matondoni anayeweza kusema huyu alikua anajifunza tu, damu yake hainihusu. Watu watamshangaa.

Pesa sasa. Hapa ntachelewa kidogo mnivumilie, manake hapa ndio penye kidonda.

Posho yangu, yaani zile pesa za kujikimu, ilichelewa miezi minne. Huwa inachelewa hivi, mfadhili yuko nje anataka ripoti kila robo mwaka, ripoti inatoka kwa supavaiza inaenda ofisi ya fedha, ofisi inaona risiti moja haina sahihi inairudisha, mwezi umeisha, pesa zinatumwa chuo kikuu badala ya taasisi, chuo kinazishika kwanza kinakata karo, halafu ndio wewe. Mfanyakazi wa kuajiriwa mshahara wake hauko kwenye mlolongo huo. Ripoti ya mradi ikichelewa, mhasibu aliyeirudisha mwisho wa mwezi wake unafika kama kawaida, anayebaki ni mwanafunzi na wale walio nyuma ya mwanafunzi.

Na walio nyuma yangu walikua ni nyinyi. Ami wangu mmoja, yuko hapa na nimemuomba ruhusa niseme, alinipeleka safari kumi na moja kwa deni. Mafuta yake, boti yake, siku zake za kuvua. Kila nikimwambia ami pesa bado, anasema haina neno, kesho maji saa ngapi? Nkafika mahali naona haya kupita pwani. Nkawa napita vichochoro vya juu huko, nazunguka nyuma ya ngome, ili nisikutane naye. Mimi nlokua nkitembea mji huu kichwa juu tangu mdogo, mji wa babu zangu, nikawa najificha kama nimeiba, na dukani vilevile, nimeandikwa kwenye daftari kurasa mbili. Hakuwahi kunidai hata siku moja. Pesa zilipokuja zilikua za posho, za boti hazikuwemo, ikabidi nigawanye posho.

Kwa hivyo taasisi ikichelewesha malipo ya mwanafunzi huko ofisini waona ni jina moja kwenye orodha, huku deni limeshafika nyumba tatu nne za Shela na Langoni ambazo hazijui hata mfadhili ni nani. Mwanafunzi wa huku kwetu ndiye anayeweka uso wake rehani, manake boti hapewi kwa jina la taasisi, anapewa kwa jina la babake.

Rafiki yangu mwingine, tulikua labu moja, alijifungua mwaka wa tatu. Posho ikasimama siku ile ile alopumzika, lakini muda wa ufadhili haukusimama. Yaani miezi mitano aloilea mtoto ilihesabiwa kama amesoma, na mwisho wa muda ulipofika akawa hana pesa na kazi bado, na karo ya kila semista inaendelea kudaiwa. Alimaliza alhamdulillah, lakini kwa mkopo, na wenzetu wawili hawakumaliza kabisa. Wasichana wa Amu mnaotaka njia hii, suala la kwanza nyumbani huwa ni utaolewa lini. Kwa hivyo ujue kabla, ukiolewa ukazaa ndani ya hiyo miaka, karatasi yako inasema nini.

Nlipata bahati kwenda Uholanzi miezi mitatu kujifunza mashine fulani. Nlikaa meza moja na msichana anayefanya PhD kama yangu, matope kama yangu, tofauti yake ni ya kule na baridi. Siku moja akanionyesha mkataba wake. Ameajiriwa na chuo kikuu, miaka minne, ana mshahara na peislipu, ana pesheni, ana likizo ya uzazi ya wiki 16 kwa malipo kamili, na mkataba ungerefushwa kwa wiki hizo hizo. Kule ndio kawaida, Sweden na Norway pia wengi wao wameajiriwa. Sweden mpaka kazi za idara, kufundisha na mengineo, zisizidi asilimia 20 ya muda wako, imeandikwa. Na hayakuanza yako vile. Ujerumani, Max Planck, ambayo ni taasisi kubwa sana ya utafiti, wengi wa wanafunzi wao wa PhD walikua kwenye skolashipu bila bima ya jamii wala pesheni, wakalalamika miaka, na mwaka 2015 taasisi ikabadilisha ikaanza kuwapa mikataba. Marekani mwaka 2016 bodi ya taifa ya uhusiano wa kazi, kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia, ilisema wanafunzi wanaofundisha na kufanya utafiti vyuo vya binafsi ni wafanyakazi wanaoweza kuunda chama. Na mwishoni mwa 2022 watu 48,000 wa vyuo vya University of California, wengi wao wanafunzi wa uzamili na uzamifu, walisimamisha kazi wiki karibu sita mpaka wakaongezwa pesa na msaada wa kulea watoto.

Uingereza nao bado wanamwita mwanafunzi, hawakumuajiri, lakini shirika la serikali linalofadhili utafiti limeandika kwamba posho kwa mwaka isiwe chini ya kiasi fulani, kwa 2025/26 iliwekwa pauni 20,780, na mama akijifungua wiki 26 za mwanzo posho inaendelea kamili. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu hubishana na mimi wakidhani nataka taasisi zote za Kenya ziajiri wanafunzi wote kesho. Ningependa, nisifiche, nadhani ndio haki. Lakini hata wakibaki na jina la mwanafunzi, yaandikwe. Jina haliwezi kumzuia mtu kuandika.

Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inaanza kwa kusema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa usawa katika mambo ya kazi. Kila mtu. Mfanyakazi anatajwa baadaye kwenye mstari unaofuata.

Mtaniuliza kwanini basi haifanyiki, ni roho mbaya? Nimekaa pande zote mbili sasa, siku hizi mimi pia nasimamia wanafunzi wawili, na nimeona shida inapoanzia. Bajeti ya mradi huandikwa mwaka mmoja au miwili kabla mwanafunzi hajajulikana. Supavaiza anaandika usiku wa mwisho, mfadhili ameweka kikomo, anatafuta wapi apunguze. Boti hawezi kupunguza, kemikali hawezi, mashine hawezi. Kuna mstari umeandikwa mwanafunzi wa PhD, posho, miezi 36. Hapo ndipo panapokatwa, manake mtu mwenyewe hayuko bado wa kulalamika. Bima haiwekwi, mwezi wa uzazi hauwekwi, miezi ya mwaka wa nne haiwekwi japo kila mtu kwenye kile chumba anajua hakuna anayemaliza kwa miezi 36 huku kwetu. Mimi nlichukua miaka sita. Baada ya hapo mradi ukipita hakuna wa kulaumiwa, kila ukimuuliza mtu anakwambia haimo kwenye bajeti, na ni kweli haimo.

Kwa hivyo maprofesa wangu mlioko mbele hapa, na wakubwa wa taasisi mliotoka Mombasa na Kilifi kuja, nawaomba kwa heshima zote. Mkiandika mradi ujao, muandike mwanafunzi kama mnavyoandika mashine, na bima yake. Bima ya afya nayo si jambo kubwa hivyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA badala ya NHIF, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara na anayejilipia hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini mwanafunzi asiye na mshahara wala muda wa kuihangaikia mara nyingi haimo akilini mwake mpaka siku ameumia. Wekeni jina lake siku ya kwanza anapochukua ufunguo wa labu. Na muwe na akiba ya miezi mitatu ya posho inayokaa kwenye taasisi, pesa za mfadhili zikichelewa mwanafunzi alipwe kutoka hapo na nyinyi mdaiane na mfadhili, manake nyinyi mna nguvu ya kumdai na yeye hana. Mliona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na utafiti hapa Kenya ikasimama ndani ya wiki moja tu. Walokua na mikataba walipata angalau pa kushika, barua, notisi, hesabu ya mwisho. Mwanafunzi wa posho hakuna alichokua nacho mkononi cha kumpelekea mtu.

Pesheni sitaiongea sana, watu wadogo haiwakeri. Ila mjue tu, NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, mwajiri anaweka asilimia 6 na mfanyakazi 6, na miaka sita ya PhD hakuna aliyekuwekea hata senti. Mwenzako alomaliza digri na wewe akaingia kazini anazo.

Wadogo zangu, nyinyi sasa. Mtu akikupigia simu akakwambia umepata nafasi ya PhD, furahi, mshukuru Mungu, waambie wazazi. Halafu usitie sahihi siku hiyo. Omba barua. Uliza posho ni ngapi na inaingia tarehe ngapi, na isipoingia namuendea nani kwa jina. Uliza karo analipa nani mpaka mwaka wa ngapi. Uliza nikiumia baharini au labu, hospitali analipa nani, na akikwambia tutaangalia, mwambie tafadhali naomba iandikwe. Uliza boti na wasaidizi wa fildi wanalipwa na nani moja kwa moja, usikubali pesa zao zipite kwako, mimi nimewaeleza. Uliza likizo. Wataona una kiherehere, wengine watakwambia kuna mia nyuma yako wanaitaka nafasi hii. Nlikua naogopa neno hilo sana. Leo nkikaa upande ule mwingine wa meza najua mwanafunzi mzuri hapatikani kirahisi hivyo, na aliyeuliza mapema ndiye anayeniacha nilale usingizi, manake twajua sote tumekubaliana nini.

Na wazazi, mtoto akiwaambia posho haijaingia mwezi wa tatu msimwambie vumilia tu ndio elimu. Elimu ni ile anayoipata mikokoni. Njaa si sehemu ya masomo.

Wanafunzi wangu wawili nliowataja wameketi pale kwenye dirisha. Barua zao tuliziandika pamoja, ilichukua miezi mitatu na barua pepe nyingi mpaka ofisi ikakubali bima ya ajali iingie na miezi ya uzazi isihesabiwe. Akiba ya posho hatukuipata, bado tunaidai. Nimezitoa nakala, nimefuta majina, ziko kwenye bahasha kwa yeyote anayetaka kuiga maneno.

Baada ya Asri ntakua barazani kwetu Langoni, wengi mwaijua nyumba. Aliye na barua ya nafasi, au amesoma mwaka mzima na hajawahi kupewa barua yoyote, aje nayo au aje bila nayo, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Ami nahodha atakuwepo pia, amesema anataka kusikia kile kipengele cha boti kikisomwa. Wasalaam aleikum.